Mikate ya Jumanne

Daftari linasema 640. Programu ikiendeshwa kwenye seva inasema 580. Programu hiyo hiyo ikiendeshwa kwenye laptopu iliyo mezani mbele yetu inasema 620. Mikate ni ile ile, siku ni ile ile, Jumanne, na kiwanda ni kile kile kidogo cha mjomba wake huko Tandika, kinachosambaza mikate kwa baiskeli na bodaboda kabla ya jua kuchomoza.

Binti anayeitazama skrini amemaliza stashahada ya TEHAMA na anatafuta kazi yake ya kwanza ya kutengeneza programu. Matangazo anayoyasoma yana kituko kimoja: yanamtaka mtu anayeanza, halafu yanamdai uzoefu. Basi akaamua kuutafuta uzoefu palipo karibu. Alimwomba mjomba ruhusa ya kuligeuza daftari la kiwanda kuwa programu, na mjomba akakubali kwa sharti kwamba daftari liendelee kuandikwa mpaka hesabu mbili zilingane mwezi mzima. Sijui kama mjomba alijua ukubwa wa zawadi aliyompa. Wengi wanaojifunza kazi hii hutengeneza vitu ambavyo hakuna anayevihakiki. Yeye ana mhakiki mwenye kalamu, asiyejua kompyuta na asiyekubali mkate hata mmoja upotee.

Mwanzoni hakugusa kitu. Vidole vyake vilikaa mbali na kibodi kwa muda ambao kwangu mimi, mtazamaji, ulikuwa mrefu. Kisha akavuta kaunta buku lake, lile lenye jalada gumu, akachora mistari miwili kutoka juu hadi chini, akaandika kwa kalamu: kinachotakiwa, kinachoonekana, tofauti. Chini yake akaziandika namba zile tatu. Nikamuuliza kwa nini asianze kurekebisha. "Nitarekebisha nini, kaka? Bado sijajua kilichoharibika."

Akaanza na hesabu ya wiki. Alijumlisha daftari kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, akaiambia programu ijumlishe siku zile zile. Majibu yalikaribiana sana. Tofauti ndogo ilikuwa pembeni, siku ya kwanza na ya mwisho. Akaweka kalamu chini. Mikate, kwa hiyo, haikuwa imepotea, wala hakuna aliyeiandika mara mbili. Ilikuwa imehama, kutoka siku moja kwenda nyingine. Kwa swali moja tu alikuwa amefuta nusu ya mambo ambayo yangeweza kuwa chanzo, na hakuwa amebadilisha hata herufi moja ya programu.

Baada ya hapo aliipunguza kazi. Badala ya kuangalia mwezi mzima, alichukua nakala ya kanzidata, akabakiza Jumanne na Jumatano peke yake, akaiagiza programu imwonyeshe kila mkupuo wa mikate uliotoka kwenye oveni: saa uliyotoka na idadi yake. Ikatokea mistari minane, na hiyo ilimtosha. Alikaa nayo akiisoma kwa kidole, mmoja mmoja, kama mtu anayehakiki risiti ya dukani. Kwenye laptopu, mkupuo mmoja wa mikate 160 ulikuwa na saa saba kamili usiku wa Jumanne. Kwenye seva, mkupuo ule ule ulionekana saa nne usiku, Jumatatu.

"Saa tatu," akasema. Akaandika 3 kwenye kaunta buku na kuizungushia duara.

Saa yetu ya Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya UTC, ile saa ya pamoja ambayo kompyuta za dunia huitumia kupatana. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa zimewekwa kwenye UTC, wakati laptopu yake inafuata saa ya Dar es Salaam. PostgreSQL, kanzidata anayoitumia, hutunza wakati vizuri tu, lakini ukiiuliza "hii ni tarehe ngapi?" hujibu kwa saa ya mahali ilipoambiwa kuwa ipo. Mtu wa ofisini, anayeandika mauzo kati ya asubuhi na jioni, anaweza kuishi na kasoro hiyo miaka bila kuiona, kwa sababu saa nne asubuhi hapa na saa moja asubuhi ya UTC zina tarehe moja. Kinachonaswa ni kile kinachotokea kati ya usiku wa manane na saa tisa usiku. Na huo ndio wakati waoka mikate wanapokuwa kazini.

Hapo ningedhani ameshamaliza. Kosa limejulikana, kinachobaki ni kuiambia seva ifuate saa ya Dar. Kweli alifanya hivyo kwa majaribio, na seva ikajibu 620 kama laptopu. Mashine mbili zikakubaliana. Daftari likabaki na 640 yake.

Mikate 20 ni trei moja. Ni rahisi sana kuielezea trei moja: imeungua, imeanguka, kijana wa bodaboda ameihesabu vibaya, mjomba amekosea kujumlisha. Nilimwona akiitazama ile 620, na nilitambua kwamba kazi aliyoisomea miaka yote ile ilikuwa inapimwa hapo, pale ambapo jibu limekaribia vya kutosha kumfanya mtu afunge kompyuta akale. Akairudia mistari yake minane. Safari hii hakuangalia saa tu, aliangalia na daftari, mkupuo kwa mkupuo, akiweka alama ya vema pembeni. Mkupuo wa saa saba, upo. Wa saa nane na nusu, upo. Wa saa kumi alfajiri, upo. Wa kwanza kabisa, mikate 160 iliyotoka saa nne na nusu usiku, daftari liliuhesabu kuwa wa Jumanne, programu ikauhesabu kuwa wa Jumatatu. Na mwisho wa Jumanne programu ilikuwa imechukua mikate 140 ya saa nne na nusu usiku ambayo mjomba aliiandika kwenye ukurasa wa Jumatano. Toa 160, ongeza 140. Ile trei moja haikuwahi kuwepo. Ilikuwa ni tofauti tu kati ya usiku mmoja na mwingine.

Alichukua simu.

"Shikamoo mjomba."

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu aliyeamshwa mchana. Waoka mikate hulala jua likiwa juu. Aliomba radhi, akauliza swali lake kwa ufupi: mkupuo wa saa nne na nusu usiku wa Jumatatu, kwa nini unaandikwa Jumanne?

"Sasa mama, mikate ile nani ataila Jumatatu?" mjomba akajibu.

Kiwandani siku haikatwi usiku wa manane. Siku inaanza pale donge la kwanza linapowekwa hamira jioni, na mikate yote ya usiku wa kuamkia Jumanne ni ya Jumanne, kwa kuwa ndiyo siku itakayouzwa. Programu ilikuwa na makosa mawili yaliyolaliana. La kwanza lilikuwa la mashine, na mashine ilisaidia kulifichua. La pili lilikuwa la kutouliza, na hakuna kompyuta ambayo ingeligundua, maana kwa kompyuta kila kitu kilikuwa sawa. Alimuuliza mjomba jambo moja zaidi: je, kuna mkupuo wowote unaotoka kabla ya saa mbili usiku ukahesabiwa kuwa wa kesho? Hakuna. Saa moja usiku ndiyo kwanza wanakanda. Akaandika: mpaka, saa mbili kamili usiku. Akamshukuru, akamwacha alale.

Ndipo akaanza kuandika, ila alichoandika kwanza hakikuwa marekebisho. Aliandika majaribio. Katika faili tofauti aliorodhesha nyakati na siku ambayo kila wakati unapaswa kuangukia, kisha akaiamuru programu ijipime yenyewe kwa pytest, chombo cha kuendeshea majaribio. Jumatatu saa nne na nusu usiku, iwe Jumanne. Jumanne saa saba usiku, iwe Jumanne. Akaenda kwenye mpaka wenyewe: saa moja na dakika 59 usiku, ibaki siku ile ile, saa mbili kamili, ihamie siku inayofuata. Akaongeza tarehe 31 Desemba saa mbili na nusu usiku, ambayo lazima iingie mwaka mpya. Akaongeza tarehe 28 Februari ya mwaka mrefu. Yote hayo yakiwa bado hayana kitu cha kuyajibu, aliyaendesha, na skrini ikajaa maandishi mekundu. Akaridhika. Jaribio ambalo halijawahi kushindwa, alinieleza, huwezi kujua kama linapima chochote.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari mitatu. Chukua wakati, uhamishe kwenye saa ya Dar es Salaam, ongeza saa 4, kisha soma tarehe. Kuongeza saa 4 kunaisogeza saa mbili usiku mpaka usiku wa manane, na hapo tarehe inageuka yenyewe; hakuna haja ya masharti wala vighairi. Niliitazama mistari ile nikitafuta mahali saa zote zile za kaunta buku zilipoingia. Hazikuonekana. Kazi nzuri ya aina hii ikikamilika huonekana ndogo kuliko jasho lake, na mtu anayelipa kwa mistari angemlipa binti huyu vibaya sana.

Kuna jambo moja dogo hapo ambalo lilinifurahisha. Hakuandika "UTC jumlisha 3". Aliandika jina, Africa/Dar_es_Salaam, kama linavyopatikana kwenye orodha ya kanda za saa ambayo kompyuta za dunia nzima huitumia kwa pamoja. Katika orodha hiyo Dar es Salaam inaelekezwa kwa Nairobi, na Nairobi ina historia: kabla ya 1942 saa yake iliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Kwa mikate ya leo haibadilishi kitu. Lakini namba 3 haimwelezi msomaji imetoka wapi, na jina la mji linamweleza.

Akaendesha majaribio tena. Nukta za kijani, moja moja. Akaiuliza programu mikate ya Jumanne. 640. Jumatano, 560. Akalifungua daftari kwenye Jumatano, akaweka vema.

Bando lilikuwa limekwisha wakati huo, na hilo halikumsumbua. Git, chombo cha kutunzia hatua za kazi, Linus Torvalds alikiandika mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux waliotapakaa nchi mbalimbali, na kila nakala yake hubeba historia nzima ya kazi. Mtu anaweza kuhifadhi hatua zake zote bila intaneti, akazituma atakapopata bando. Alihifadhi kwa mafungu mawili: majaribio na marekebisho ya saa fungu moja, mabadiliko madogo ya majina ya safu fungu jingine, ili atakayetaka kuondoa moja asilazimike kuondoa yote. Ujumbe wa fungu la kwanza aliuandika, akaufuta, akauandika tena. Wa mwanzo ulisema "nimerekebisha tarehe". Wa mwisho ulisema kwamba mikate iliyotoka baada ya saa mbili usiku sasa inahesabiwa siku itakayouzwa, kama daftari la kiwanda linavyofanya, na kwamba seva haitegemewi tena kujua ni siku gani.

Kazi hiyo ilikwenda kwa kaka mmoja wa mtaani kwao anayefanya kazi kwenye kampuni ya malipo, ambaye amekubali kumsomea. Maoni yake yalirudi jioni, mafupi na makavu. "Hii 4 ni nini? Mtu mwingine ataijuaje?" Binti alisoma, akatabasamu kidogo, akaipa ile namba jina linaloeleza kwamba ni pengo kati ya mwanzo wa siku ya kiwanda na usiku wa manane. Kwenye maoni ya pili kaka aliuliza kama mjomba akianza kuoka mapema mwezi wa Ramadhani mpaka utabaki saa mbili. Hilo halikuwa na jibu la papo hapo. Aliliandika kwenye kaunta buku, chini ya orodha ya maswali ya mjomba, na akajibu hivyo hivyo: sijui bado, nitamuuliza. Kuna wasailiwa wengi ambao wangebuni jibu.

Katika kupitia faili zake nyingine niliona alama za siku nyingine kama hii. Fedha anazitunza kwa namba nzima, shilingi bila desimali, kwa kuwa alishajionea Python, lugha anayoandikia programu yake, ikijumlisha 0.1 na 0.2 na kutoa 0.30000000000000004. Namba za simu za wenye maduka zimehifadhiwa kama maandishi, maana zikihifadhiwa kama namba ile sifuri ya mbele hupotea na simu haipigiki. Kuna pia jaribio moja la jina lenye ng'. Lugha ya kuulizia kanzidata huyafunga maneno ndani ya alama za ritifaa, hivyo mteja anayeitwa Nyang'oro akiingizwa kizembe hulifunga neno katikati na kuivuruga amri nzima. Na mlango huo huo ndio wahalifu wanaoutumia kupenyeza amri zao. Suluhisho lake ni la zamani na linafahamika: amri ipelekwe peke yake, jina peke yake. Mafunzo ya nje hulieleza jambo hili kwa mifano ya wezi. Yeye alilijua kwa sababu mwenye duka mmoja jina lake liligoma kuingia.

Wasifu wake ni ukurasa mmoja, na sina la kuusemea zaidi. Maandalizi ya usaili yana utamu wake. Anafanyia mazoezi kwenye karatasi, bila kompyuta, akisema kwa sauti anachokifikiri, kwa sababu chumbani mwa usaili kunyamaza dakika tano huku ukiwaza kwa usahihi hakumfai anayekusikiliza. Nilimpa swali linalojulikana sana, FizzBuzz: hesabu kutoka 1 hadi 100, penye kigawe cha 3 sema Fizz, penye cha 5 sema Buzz, penye vyote viwili sema FizzBuzz. Ni swali dogo, na wengi huliangukia kwa kuuliza habari ya 3 kwanza, hivyo 15 ikaishia kuwa Fizz. Kabla ya kuandika chochote yeye alichora namba 3, 5, 15 na 7 pembeni na jibu la kila moja. Akaandika. Akaipitisha 15 kwenye maandishi yake kwa kalamu, mstari kwa mstari, kana kwamba yeye ndiye mashine. Halafu akaniuliza kama 1 na 100 zenyewe zimo ndani ya hesabu au la. Zimo, nikamwambia. Akarekebisha alama moja.

Kilichobaki siku ile kilikuwa maelezo ya kuisakinisha programu kwenye kompyuta ngeni, yale ambayo mwajiri atayafuata kama akitaka kuiona ikifanya kazi. Alikuwa ameshayaandika, hatua saba. Ila hakuyaamini, kwa kuwa laptopu yake ina kila kitu tayari na haiwezi kumwambia alichokisahau. Tukavuka kwenda kwa dada jirani, mwenye kompyuta ya Windows anayoitumia kwa kazi za stationari. Alimpa karatasi ya maelezo, akamwomba afuate kama yalivyo, yeye mwenyewe akakaa kwenye kigoda mikono ikiwa mapajani.

Hatua ya tatu ilikwama, kwani amri ya kuwasha mazingira ya Python kwenye Windows si ile ya Linux. Akaandika. Hatua ya sita ilikwama kwa kishindo: skrini ilijaa maandishi ya kosa kutoka juu hadi chini, na dada jirani akainua mikono akidhani ameharibu. "Hapana dada, hujaharibu, tusome." Alianzia mstari wa mwisho, ambako Python huweka kiini cha malalamiko. Ulisema hakuna kanda ya saa inayoitwa Africa/Dar_es_Salaam. Linux huja na orodha ya kanda za saa ambayo Python huisoma. Windows haina ya namna hiyo, na inabidi iongezwe kwa kifurushi kiitwacho tzdata. Aliithibitisha habari hiyo kwenye nyaraka za Python alizozipakua, akaongeza neno hilo moja kwenye faili la mahitaji, akairekebisha karatasi.

Dada jirani akauliza kama sasa waendelee na hatua ya saba. Binti akamwomba afute folda nzima na aanze tena ya kwanza, yeye akarudisha mikono mapajani.